Mshahara Wangu wa Kwanza

Kwetu Mlingotini, mtoto akipata kazi hagusi mshahara wake wa kwanza. Anaupeleka wote kwa mzazi, ndani ya bahasha. Mzazi anaupokea kwa mikono miwili, anaomba dua, anachukua anachotaka, na kinachobaki anakurudishia pamoja na radhi zake. Kisha kinapikwa chochote kilichopo, majirani wanaitwa, Fatiha inasomwa. Asiyefanya hivyo, watu husema, kazi haimkai.

Mimi nilipata kazi nikiwa na miaka ishirini na sita, ya ukarani wa masjala katika ofisi moja mjini Bagamoyo. Napokea barua, naziandika kwenye rejista, natafuta majalada yaliyopotea. Lakini ofisi ile haikuniajiri. Aliyeniajiri ni wakala wa Dar es Salaam, akanikodisha kwao kama viti vya plastiki vya harusi. Mkataba ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, malipo ya kutwa, shilingi elfu kumi na mbili. Siku usiyofika huna chako, uwe unaumwa au unazika.

Mwisho wa mwezi wa kwanza nilikwenda nyumbani na sukari na unga wa ngano. Mama alikuwa barazani anasuka mkeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, bahasha iko wapi?"

Nilicheka. Nikamwambia ile ilikuwa pesa ya kibarua tu, mshahara ungekuja nikishaajiriwa na ofisi yenyewe.

"Kwani huyo wakala ndiye nani?"

"Ndiye anayenilipa, mama."

"Basi anachokulipa ndicho mshahara. Mie sikukuuliza ni kiasi gani."

"Subiri kidogo, mama. Nataka nikupe ulioshiba."

Alivuta ukindu mwingine, akaendelea kusuka.

Nisije nikaonekana bahili. Pesa ya dawa zake za presha nilikuwa natuma, na ya kitoweo pia. Nilichokataa ni kuiita mshahara. Dada niliyekaa naye meza moja, tukifanya kazi ileile, alikuwa na mshahara wa mwezi, likizo na bima. Mimi niliona haya kumwekea mama mikononi ujira wa kibarua wa siku ishirini na mbili. Kilikuwa kiburi, na nilikiita heshima.

Mwezi wa tano wa kazi, ankara ya wakala ilipita mezani kwangu kama barua nyingine yoyote. Kazi yangu ilikuwa kuigonga muhuri wa kupokelewa. Nikaisoma. Kwa kila siku yangu moja, ofisi ilikuwa inamlipa wakala elfu ishirini na mbili. Niliugonga ule muhuri kwa nguvu mpaka dada akauliza kama nimeua mende.

Niliwapigia simu ofisini kwa wakala. Sauti laini ya kike ikaniambia, "Hizo ni gharama za uendeshaji, mpenzi. Kama hailipi, wapo wengi wanaoitaka." Msimamizi wetu naye akasema nivumilie, nafasi zitatangazwa, mimi tayari ni mtu wao. Nikamwamini. Na tangu siku ile ndiyo nikaapa kabisa kwamba mama hatapokea kutoka kwangu mshahara ulioliwa nusu njiani.

Mwezi wa saba mama aliacha kuuliza. Nilidhani amenielewa. Nilipokwenda nyumbani mwezi huo niliona pia kwamba mikeka miwili mikubwa, aliyoisuka karibu mwaka mzima, haipo tena nyuma ya mlango. Akasema amepata mteja. Nikampongeza.

Alifariki Jumanne asubuhi, mwezi wa kumi wa kazi yangu. Alianguka uani, presha. Mimi nilikuwa masjala natafuta jalada la mtu. Alasiri tukamzika.

Siku ya tatu, baada ya hitima, jirani yetu alikuja kukaa pembeni yangu. Namwita shangazi kwa sababu nimekulia mlangoni kwake.

"Usijiumize hivyo, mwanangu. Mama yako kaondoka yu radhi nawe. Ile pilau ya mshahara wako mtaa mzima tulikula."

Nikamwuliza pilau gani.

"Si ile ya Alhamisi, miezi mitatu iliyopita? Hata bahasha alitutolea tukaiona. Kasema mwanangu kaniletea mshahara wake wote, wala sijachukua hata senti, nautumia kumwombea. Tukakusomea Fatiha, kazi ikukae. Na wale waliokuwa wanakusema wakafunga midomo."

Hapo ndipo nilipoijua bei ya mikeka ile miwili. Mama aliiuza, akatia pesa zake kwenye bahasha, akajipa mwenyewe mshahara wangu mbele za watu ili nisionekane mtoto asiye na fadhila. Radhi alizonipa alizilipia kwa jasho lake. Na mimi nilikuwa nimempongeza kwa kupata mteja.

"Ndiyo, shangazi," nikasema. "Nilimletea."

Mpaka leo sijamwambia yeyote pale mtaani.

Mwisho wa mwezi malipo yalikuja yamepungua siku tatu, za msiba. Pembeni mwa hati ya malipo waliandika kwamba sikufika kazini. Nafasi hazikuwa zimetangazwa, na mpaka sasa hazijatangazwa. Nilizitoa pesa zote, sikuacha hata ya nauli ya kurudia. Nilinunua bahasha mpya dukani, nikaenda Mlingotini. Nilifungua mlango kwa ufunguo wa mama, nikaishika ile bahasha kwa mikono miwili, nikasema, "Shikamoo mama," nikasimama kungoja.