Mpangaji wa Kibanja cha Nyanga

Iko siku moja ambayo siisahau, mwanangu Koku, na jana ulipopiga simu kutoka Miembeni ukishangilia mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio, siku hiyo ilinirudia yote. "Baba mdogo, jina limekubaliwa! Mfumo umekubali jina letu!" Nami nikapiga kelele vilevile, hadi mama yako mdogo akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani tumepata msiba. Nikamwambia hakuna msiba, Koku na rafiki yake Anitha wanafungua kampuni. Akaniambia mzee wewe, iko siku utaanguka kwa furaha za watu wengine. Sawa, nitaanguka, lakini kwanza nikueleze jambo.

Katika kelele zako ulisema mambo mawili. Ulisema mashine ya kukausha mananasi mtaifunga Nyanga, kwenye kibanja cha baba yako, palepale penye nyumba na migomba, kwa kuwa pale ni nyumbani. Halafu ukasema katiba ya kampuni mtanakili ya watu wengine na kubadilisha majina tu, kwa kuwa wewe na Anitha ni ndugu tayari na hamuhitaji kuandikiana. Nikacheka, ukadhani nimekubali. Nilicheka kwa sababu maneno hayo niliyasema mimi, karibu yote, nikiwa na umri kama wako, na mahali penyewe palikuwa ni hapohapo Nyanga.

Ilikuwa miaka ya tisini. Rafiki yangu Deusi wa Muleba, yule unayemwita babu Deusi ingawa hapendi kuitwa babu, alikuwa amepata habari ya mashine ya kukaanga na kusaga kahawa iliyokuwa inauzwa Mwanza. Koku, hujui tulivyochanganyikiwa! Kahawa yote ya nchi hii ilikuwa inaondoka ikiwa mbichi, na sisi tulikuwa tunakunywa ya makopo kutoka mbali. Tulikuwa hatulali. Deusi aliuza pikipiki yake, mimi nikauza ng'ombe wangu wote, kahawa tukapanga kuinunua Kanazi. Na kwa kuwa tulikuwa vijana wa kujiona, tukaamua kufanya omukago kama babu zetu. Wewe umeusikia tu: watu wawili wanachukua tunda moja la kahawa lenye punje mbili, kila mmoja anatafuna punje yake, na kuanzia hapo wanakuwa ndugu wa damu. Wazee walikuwa wanachanja na ngozi, damu itoke. Sisi tulitafuna tu, maana Deusi alipouona wembe alisema urafiki wetu hauna haja ya kufika huko.

Jumapili iliyofuata tukaenda kumpa habari Ma Justa, dada yake baba. Unajua kwetu ishenkazi, yaani shangazi, ni mtu gani. Anaweza kumkalisha chini baba yako mzazi mbele ya watoto wake, na baba yako akakaa. Huyu wetu alikuwa mjane, mfupi, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili. Tulimkuta anamenya ndizi nyuma ya nyumba. Tukaongea wote wawili kwa pamoja, mashine, umeme, mifuko, maduka ya Miembeni, hoteli za ziwani. Alimenya tu, akiitikia kwa kichwa, na mimi nikajiona nimeshinda. Kisha akauliza mashine itakaa wapi.

"Kwenye kibanja cha baba, Nyanga. Amekubali."

"Na hicho kibanja, baba yako akifariki, ni cha nani?"

Nikamwambia ni cha kaka Kasto, bila shaka, yeye ndiye mkubwa, ndiye omusika, mrithi. Na hapo Ma Justa akaweka kisu chini.

"Mnaniambia mmekula kahawa," akasema. "Haya, waitu, wapendwa wangu, niambieni. Kasto alikula? Mke wa Deusi alikula? Watoto mtakaozaa, wamekula? Mtawafungaje watu hao kwa punje ambayo hawakuitafuna?"

Deusi akaanza kusema kwamba sisi tunaaminiana. Akakatwa palepale. "Sikuuliza kama mnaaminiana! Mume wangu na mwenzake walikuwa wanaaminiana kuliko nyinyi. Duka lilikuwa kwa jina la mume wangu kwa kuwa yeye alijua kusoma. Alipokufa, ukoo ukamrithisha mdogo wake kila kitu, na mwenzake akasimama mlangoni kwangu kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Mimi nilijua ukweli, naye alijua, lakini hatukuwa na cha kuonyesha. Nusu ya duka lile ilikuwa yake. Msinirudishe kwenye mlango ule, wanangu."

Niliona aibu, nitakwambia wazi, na Deusi naye alikuwa anaangalia maganda ya ndizi. Lakini shangazi hakutuacha tuondoke tumenuna. Alitulisha, kisha akatuambia kesho yake tukamwone wakili mmoja mjini, na yeye mwenyewe akaja, amevaa kitenge chake cha kanisani.

Wakili yule alikuwa kijana mwenye haraka, lakini maswali yake yalitukaanga kuliko kahawa. Kampuni itafanya nini hasa: kukaanga tu, au pia kununua, kufungasha na kuuza nje? Tuandike yote sasa, ili baadaye tusijikute tumefungiwa ndani ya neno moja. Hisa tunagawana vipi? Nusu kwa nusu, tukasema kwa mkupuo mmoja. Akauliza: na mkibishana, nani ataamua? Mmoja akitaka kuuza hisa zake, mwenzake atapewa nafasi ya kwanza? Mmoja akifariki, mrithi wake anakuja kukaa ofisini au anapokea gawio lake tu? Koku, tuliingia tukidhani tunakwenda kupiga mhuri, tukatoka jioni tumegombana mara mbili na kupatana mara mbili! Na ninakuambia, ugomvi wa siku ile ulikuwa mtamu, kwa sababu tuligombana kabla ya kuwa na kitu cha kugombania.

Ni Deusi aliyesema shangazi apewe hisa chache, ziwe za kuamua pale mimi na yeye tunapofungana. Ma Justa akakubali kwa sharti kwamba kila mwaka asomewe mahesabu mpaka ayaelewe. Tukaandika hivyo. Jina la kwanza likakataliwa kwa kuwa wengine walikuwa na linalofanana nalo, Deusi akasusa kama mtoto, tukapata jingine. Wakurugenzi tukaandikwa, anwani ya ofisi ikaandikwa, tukasaini mbele ya wakili, na karatasi zikaondoka kwa meli kwenda Mwanza na kutoka huko hadi Dar es Salaam. Siku hizo ilikuwa hivyo. Wewe unabonyeza simu ukiwa umekaa saluni.

Tulingoja, tukangoja, nikawa nakwenda bandarini hata siku ambazo meli haiji. Asubuhi cheti kilipofika, Deusi alikipokea yeye. Nilimwona anakuja kwa barabara ya ziwani amekishika kwa mikono miwili, anakimbia, anaimba, watu wanamkwepa. Tulikumbatiana pale barabarani. Nililia, na sijui hata leo kwa nini nililia kwa ajili ya karatasi, ila niliona kwamba kitu tulichokuwa tunakiota kimekuwa kweli na kina jina lake. Tulipompelekea wakili, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mlikuja watatu," akasema, "leo mnaondoka wanne. Huyu wa nne ana jina lake, atakuwa na akaunti yake, mali yake na madeni yake. Msimvue nguo zake mkazivaa, na yeye msimvike zenu."

Ma Justa alilishika neno hilo kuliko sisi. Kabla mashine haijapakuliwa alimwendea baba, akamwambia huyu wa nne hawezi kuishi kibanjani kwako bure, atakuwa mpangaji. Ukaandikwa mkataba wa pango kati ya baba na kampuni: banda liko wapi, kodi ni kiasi gani, mashine ni ya nani, na kwamba baba akifariki mkataba unaendelea na atakayemrithi. Baba alisaini huku anacheka, akisema hajawahi kuona mtoto anamlipa babake kodi. Mwenyekiti wa mtaa akashuhudia.

Tulifanya kazi kwa raha, mwanangu. Harufu ile ikitoka bandani, watu wa Nyanga walikuwa wanasimama njiani. Miaka ikapita, na baba akafariki akiwa mzee wa kutosha, amekula na kushiba. Siku ya kumaliza matanga, ukoo ukakaa. Kasto, baba yako, akakalishwa kwenye kiti cha baba, akakabidhiwa kibanja, migomba, mibuni, nyumba na kila kilichosimama ndani ya mpaka. Mzee mmoja wa ukoo akasema kwa sauti, "Pamoja na mashine."

Nilimtazama Deusi. Alikuwa amekaa upande wa wageni, na uso wake ulibadilika. Alikuwa ametia kila alichokuwa nacho kwenye ile mashine, alikuwa na watoto shuleni, na pale hakuwa na ukoo wa kumsemea. Kama angeinuka kuondoka siku ile, asingerudi tena nyumbani kwetu, na mimi ningekuwa nimemnyang'anya ndugu yangu kwa mdomo wa wazee wangu. Nikataka kusimama, lakini mdogo hasimami kumpinga omusika siku hiyo. Aliyesimama alikuwa Ma Justa.

"Mashine si ya marehemu," akasema.

"Ni ya Feli basi, na Feli ni mtoto wa humu," yule mzee akajibu, akininyooshea kidole.

"Si ya Feli."

"Ya huyu Mmuleba?"

"Wala si ya Deusi. Wala si yangu, na mimi nina hisa humo!" Hapo wazee wengine walicheka, maana hawakujua kama wana dada mwenye hisa. "Ni ya kampuni. Kampuni alikuwa mpangaji wa kaka yangu, na haya hapa makubaliano yao, kaka yangu alisaini mwenyewe mbele ya mwenyekiti yule pale. Someni."

Mwenyekiti akasoma. Yule mzee akaomba yarudiwe, yakarudiwa. Kisha wote wakamgeukia Kasto, kwa kuwa neno la mwisho lilikuwa lake. Baba yako unamjua, hana haraka. Alikuna kidevu, akamtazama Deusi, akanitazama mimi, halafu akaanza kucheka mpaka kiti cha baba kikatikisika. "Kumbe," akasema, "nimerithi mpangaji!" Akanyoosha mkono palepale mbele ya ukoo na kudai kodi ya mwezi ule. Deusi ndiye aliyeilipa, machozi yanamtoka, na akatafuna kahawa iliyokuwa ikizungushwa kwa wageni akiwa amekaa kati yangu na Kasto.

Kwa hiyo furahi, Koku, piga kelele, hata mimi mguu unanicheza nikikuwaza. Lakini fanya hivi. Jina mmeshapata, sasa wewe na Anitha na yeyote mtakayemwingiza muwe na vitambulisho vya taifa na namba zenu za mlipa kodi, na taarifa zifanane herufi kwa herufi, maana mfumo hauna huruma. Katiba msinakili. Kaeni na wakili mgombane juu ya hisa sasa hivi, mkiwa bado mnapendana: nani anaamua, nani anauza kwa nani, mmoja akiolewa Mwanza au akiitwa na Mungu inakuwaje. Mkishasaini, wakili naye akathibitisha, mpakie kwenye mfumo, mlipe ada, na msubiri cheti. Kikija, msidhani mmemaliza. Kampuni ipate namba yake ya mlipa kodi, leseni ya biashara kutoka manispaa, na akaunti ya benki kwa jina lake, na usiingize mkono humo kununua kitenge. Kila mwaka mpeleke taarifa zake kwa msajili hata kama mwaka ulikuwa mbaya. Huo ndio usalama wenyewe, kwamba biashara ikiyumba, wanaoidai waende kwake na wasije kwenye kitanda chako. Lakini ukichanganya mali zako na zake, au ukiweka saini ya dhamana kwa jina lako, ulinzi huo umeuvua mwenyewe.

Halafu kuna Nyanga. Baba yako anazeeka, na kibanja kile kitakuwa cha kaka yako Edgari. Edgari ni kijana mwema, kama Kasto alivyokuwa mwema, lakini siku ile nilijifunza kwamba hata mtu mwema anahitaji kitu cha kusoma mbele ya wazee. Anitha hana ukoo Nyanga wa kumsemea. Msemee leo, angali anacheka.

Mungu awape mikono isiyochoka, wewe na mwenzako, na mananasi ya Muleba yawe matamu mwaka hadi mwaka. Awape maneno ya kugombana mapema na ya kupatana mapema zaidi. Ma Justa alilala zamani, lakini hisa zake tulizirithi mimi na Deusi nusu kwa nusu, na Jumamosi nitakuja Nyanga na maswali yake. Nitaleta kahawa ya kutafuna, wewe ulete mkataba wa pango. Baba yako nimeshampigia simu. Alicheka kama siku ile kwenye kiti cha baba. Amesema mpangaji wa kwanza hajawahi kumkosesha kodi hata mwezi mmoja, na huyu wa pili aje tu, banda atamfagilia mwenyewe.