Sauti yangu imempigia mama

Leo asubuhi mama ameongea na mimi kwenye simu, na mimi sikumpigia.

Mama yuko kijijini Vudee, kule milimani, mimi niko hapa Same mjini. Mchana huu nimempigia, shikamoo, marahaba, kisha akaniuliza, "Mbona asubuhi umepiga kwa namba ngeni?"

Nikamwambia sijapiga.

"Ulikuwa wewe. Sauti yako naijua. Ukaniuliza kama niko peke yangu nyumbani."

Na mimi ndiye huwa nacheka zile filamu za kompyuta kujifanya mtu. Kumbe voisi noti ninazorusha kila siku kwenye magrupu zimenichongea.

Nikamwambia, "Mama, hiyo ni kompyuta imeiga sauti yangu. Funga mlango."

Halafu akauliza polepole, "Na nitajuaje kompyuta si wewe? Yule wa asubuhi alinisalimia Kipare. Nikafurahi kweli, nikajua umejifunza."

Mimi Kipare nakisikia tu, kukiongea siwezi. Nikababaika. Akakata, na sasa hapokei.

Niko kwenye bodaboda, napanda mlima kwenda kwake. Aliye jirani naye tafadhali awahi, amwambie mwanawe wa kweli ni huyu asiyejua Kipare.