Ukipelekwa Likizo Uswisi, Usiseme Hutaki Kitu

Kwanza mnisamehe mwandiko. Shule niliishia darasa la nane, na tangu hapo kalamu nimeishika mara chache, kwa hivyo naandika polepole na herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Mkikuta neno nimelikosea, lisomeni vile mnavyolijua ninyi. Dada Mshai, ambaye ndiye mkubwa wetu sisi Wakenya tunaokutana hapa Jeddah, ameniomba niandike kwa ajili ya wasichana wapya wanaokuja kufanya kazi za nyumbani. Yeye atapiga picha karatasi na kuituma kwenye kundi letu la simu. Nilimwambia mimi sijui kusema mbele ya watu. Akanijibu, "Ndiyo maana nimekupa karatasi, sikukupa kipaza sauti."

Basi nitakuita mwanangu, wewe unayesoma, hata kama umenizidi umri. Mimi mwenyewe sijafika thelathini. Lakini aliyenifunza haya aliniita hivyo, na sijui namna nyingine ya kuyapitisha maneno yake.

Iko siku moja ambayo haijanitoka, na si ya hapa Saudia. Ni ya kijiji kimoja cha milimani, huko Uswisi.

Wakati huo nilikuwa Riyadh, kwa waajiri wangu, Baba na madam kama nilivyowaita, nikiwa bado mgeni. Shule zilipofungwa Baba alisema tunakwenda Uswisi kukimbia joto, na mama yake atakuja nasi. Mama yake alikuwa anaishi Jeddah, mtaa wa Ruwais, karibu na bahari, na nyumba nzima ilimwita Sitti, maana yake nyanya. Magoti yake yalikuwa yamechoka. Ndani ya nyumba alitembea akishika ukuta, na nje alikaa kwenye kiti cha magurudumu. Kazi yangu likizoni ilikuwa yeye, na kupika, na kushika makoti ya watoto.

Mwanangu, ukipelekwa mahali kama pale, usiogope. Chukua soksi nzito na sweta, hata kama Riyadh unaondoka ukitoka jasho. Kijiji kilikuwa cha nyumba za mbao zenye maua madirishani, na ng'ombe wamevishwa kengele shingoni, kwa hivyo ukiamka unasikia kama makanisa kumi yanaita kwa pamoja. Mimi ni mtu wa Taita. Ukungu wa asubuhi na njia za kupanda vilima navijua, na nilijiona niko karibu na kwetu kuliko nilivyokuwa Riyadh. Kando ya njia kuna mabirika ya mawe yanayomwagikiwa na maji ya mlimani mchana kutwa, unakinga mkono unakunywa, hakuna anayekuuliza. Kando ya mto kuna njia tambarare, kiti cha magurudumu kinapita bila shida. Kuna nyumba ambayo wanakupitisha uone jibini inavyopikwa. Kuna ziwa lenye mashua za kukanyaga kama baiskeli, na kuna kigari cha mtu mmoja kinachoteremka mlima kwenye reli, watoto walikipenda mpaka wakakataa kula. Jumapili maduka yanafungwa, kwa hivyo nunua mkate mapema. Na udi usifukize ndani. Madam alifukiza siku ya kwanza kama anavyofanya nyumbani, king'ora cha moto kikalia, na jirani mmoja mzee akaja mbio na ndoo. Madam akampa tende. Yule mzee akabaki amesimama mlangoni, ndoo mkono huu, tende mkono ule.

Juu ya yote hayo kulikuwa na kilele cheupe. Theluji haikuisha pale hata kiangazi. Watu walipanda kwa kibanda cha vioo kinachoning'inia kwenye waya. Asubuhi Baba, madam na watoto waliondoka, leo ziwani, kesho kwenye kigari, keshokutwa kwenye jibini. Sitti na mimi tulibaki barazani, yeye na kahawa yake, mimi na mchele wa kuchambua, na kile kilele mbele yetu.

Sasa nikueleze desturi ya nyumba ile, maana bila hiyo hutaelewa. Jioni Baba alipita chumbani kwa mama yake, akambusu kichwani, akamuuliza anahitaji nini. Sitti siku zote alijibu, "Namshukuru Mungu, nataka afya yenu tu." Mama wa nyumba ile haombi. Mtoto wake naye anajua kwamba haombi, kwa hivyo akitoka anamvuta pembeni yule msichana anayekaa na mama na kumuuliza, "Haya, niambie ukweli. Mama anataka nini?" Msichana ndiye anayetakiwa kujua. Ndivyo heshima ya mama inavyobaki na haja yake inavyofika.

Mimi hilo sikulijua. Nilichojua ni maneno ya yule mama wa ofisi ya wakala wa ajira Nairobi aliyetufundisha kabla ya safari: ukiulizwa, sema kila kitu kiko sawa, mwenye habari nyingi hurudishwa kwao. Na mimi kwa tabia ni mwoga wa kusema. Basi kila jioni Baba aliponiuliza, niliangalia vidole vya miguu yangu nikajibu kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, kwamba hakuna, "Mafi, Baba. Hataki kitu."

Siku mbili kabla ya kurudi, watu wakiwa wametoka, Sitti aliniita kutoka barazani.

"Njoo. Weka sinia chini. Kaa."

Nikakaa sakafuni.

"Kwenye kiti. Siongei na kisogo." Nikahamia kitini. "Jana nilikusikia pale mlangoni. Nani amekuambia sitaki kitu?"

"Hukuniambia unataka kitu, Sitti."

"Leo asubuhi nimekuuliza nini?"

"Umeuliza kama ile theluji inafikika."

"Na jana?"

"Uliuliza kama kiti chako kinaingia kwenye kile kibanda cha waya."

"Na siku ile nyingine?"

"Uliuliza kama viatu vyangu vinateleza."

"Sasa mtu anayeuliza hayo, mwanangu, anataka nini? Kahawa?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia.

"Mimi ni binti wa mvuvi," akasema. "Nimeona maji ya kila namna, ya chumvi, ya kisima, ya zamzam. Yale pale juu ni maji ambayo sijayagusa. Mwakani sijui magoti haya yatakubali kupanda ndege. Nikimwambia mwanangu, atajilaumu kwa siku zote zilizopita na kuwanyima watoto furaha yao. Wewe akikuuliza, mwambie. Hiyo ndiyo kazi yako. Chai hata yeye anajua kupika."

"Naogopa, Sitti."

"Najua. Ogopa huku unasema."

Hakunifokea. Kwetu nikikemewa nilizoea kupigiwa kelele, na hilo karipio la sauti ya chini lilinikaa mwilini kuliko kofi. Mchana kutwa niliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nilikuwa nimewasikia wakipanga kwamba kesho, siku ya mwisho, wanakwenda mjini madukani. Nikikosa kusema jioni hiyo, Sitti angerudi Ruwais bila kuigusa theluji, na mwenye kosa ningekuwa mimi. Nikisema, ningeharibu mpango wa madam, na pasi yangu iko kwenye mkoba wa Baba.

Jioni Baba alitoka chumbani kwa mama yake na gilasi ya chai mkononi. Madam alikuwa kwenye kochi, binti yao mkubwa karibu naye.

"Haya, niambie ukweli. Mama vipi?"

"Mama..." Neno mafi lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza. "Mama anataka kwenda juu, kwenye theluji."

Madam akageuka. "Amekutuma?"

"Ameuliza kila siku, madam. Kama kiti kinaingia. Kama viatu vinateleza."

"Kila siku," akasema Baba. "Na kila siku mimi nakuuliza."

"Ndiyo, Baba."

Akaiweka chai juu ya meza. Nilingoja neno halas, yaani basi, imekwisha, niambiwe nikafunge begi langu. Binti yao ndiye aliyesema kwanza, "Na madukani je? Mliniahidi."

"Maduka yako hata Riyadh," akasema Baba. Kisha akarudi chumbani kwa mama yake, na kupitia mlango nikamsikia Sitti akisema kwa mshangao mkubwa, kama mtu asiyejua lolote, "Mimi? Theluji? Nani kawaambia hayo?"

Asubuhi ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Tulimvisha Sitti sweta juu ya sweta, abaya, na juu yake koti la Baba, mpaka akawa mviringo. Madam hakuwa amesema na mimi tangu jana. Tulipofika kwenye kituo cha kile kibanda cha waya akavua glovu zake akanitupia. "Vaa. Mikono yako ndiyo inayomshika." Mpaka leo namshukuru kwa glovu zile.

Baba alitaka nibaki chini na mizigo. Sitti akanishika mkono wa sweta. "Anakuja," akasema, na hakuachia. Kiti kiliingia kwenye kibanda vizuri kabisa. Tulipoondoka ardhini alifumba macho akaanza kusoma dua, na wajukuu wakamcheka, "Sitti, fumbua, hatujafa bado." Tulipita ndani ya ukungu kama tunapita kwenye maziwa, halafu ghafla tukatokea juu yake, na jua likatupiga wote usoni. Hakuna aliyecheka tena.

Theluji yenyewe pale kwenye kituo cha juu ilikuwa ya kijivu pembezoni, imekanyagwa na viatu vya watu. Baba akakimbia mbali kidogo, akachota iliyo safi, akamletea mama yake viganjani. Sitti akatikisa kichwa.

"Usiniletee. Kuletewa naletewa kila siku."

Basi tukamsimamisha, Baba upande mmoja na mimi upande mwingine. Alipiga hatua, akasimama, akapiga nyingine, mpaka viatu vyake vikazama kidogo. Akainama sisi tukimshikilia, akachota kwa mkono wake mwenyewe, akaipaka mashavuni kama mtu anayetawadha, kisha akaila.

"Haina ladha," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Haina ladha hata kidogo. Basi, sasa najua."

Baba aligeuza uso akajifanya anapiga picha milima.

Tulipokuwa tumemrudisha kitini, tukimpangusa vidole, Sitti alimwambia mwanawe, "Muulize na huyu."

"Nimuulize nini?"

"Anataka nini. Naye yuko likizo."

Baba akaniangalia, nafikiri kwa mara ya kwanza. Nikataka kusema mafi. Sitti akakohoa. Nikasema, "Nataka kupanda kile kigari cha reli." Watoto wakapiga makofi. Na tuliposhuka nilikipanda, mwanangu, nimekunja sketi chini ya mapaja, yule mdogo wao ananipigia kelele kutoka nyuma, "Achia breki, Wakesho, wewe si bibi kizee." Nikaiachia.

Tuliporudi, Sitti aliomba nihamie kwake Ruwais, na Baba akakubali. Nipo hapa mpaka leo. Magoti yake hayakukubali safari nyingine, lakini yeye yupo, na ninapoandika haya yuko chumba cha pili anauliza kwa nini nimenyamaza hivi. Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Namshukuru Baba kwamba alisikia bila kunikasirikia. Nashukuru kwamba nilikemewa mapema, na mtu aliyenipenda.

Nasaha yangu ni hii. Ukipewa mzee wa kumtunza, sikiliza anachouliza, maana wengi wao husema haja zao kwa kuuliza. Ukishajua, ifikishe, hata sauti ikitetemeka. Na ukiulizwa wewe unataka nini, usijibu haraka kwamba hutaki kitu. Najua si kila nyumba ina Sitti. Kuna nyumba ukisema unachotaka unafokewa, na huko utachagua wakati wako kwa akili. Lakini usije ukazoea kusema hutaki kitu mpaka ukaamini hivyo. Unachotaka kikikukaa kooni, ukipata Ijumaa ya kutoka, njoo mtaa wa Sharafiya hapa Jeddah tulipo sisi, ukisemee kwetu. Na wakikupeleka Uswisi, tembea kando ya mto, kunywa yale maji, na theluji usingoje kuletewa.

Mungu awape waajiri wenye masikio. Awalinde njiani, angani na jikoni, awape nguvu za mikono na usingizi wa kutosha, na wazazi mliowaacha nyumbani wawakute hai na wenye furaha siku mtakaporudi.

Niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu. Mpeni Dada Mshai, ataniletea. Ila msiniandikie kwamba kila kitu kiko sawa. Niambieni mnataka nini.

Wenu,
Wakesho