Mama Mkwe na Paa la Majani

Mwaka huu alinijia mhandisi mmoja, kijana mwenye adabu, kompyuta kaibana kwapani. Alikuwa ametumwa na shirika linalojenga shule upande wa barabara ya Lubutu, naye alitaka kuiona nyumba yangu kwa ndani. Eti alisikia kwamba jua likiwaka Kindu hakuna sebule yenye ubaridi kama yangu, na mvua ikinyesha watu wa kwangu wanaendelea kuzungumza bila kupaza sauti.

Nikamwonyesha. Juu ni mabati, kama ya kila mtu. Chini ya mabati imeachwa nafasi ya shubiri mbili ili upepo upite, halafu yanafuata majani ya mangongo, yale mapana ambayo wanawake wetu wanafungia samaki na kwanga, ule mkate wa muhogo. Yamepangwa safu juu ya safu kwenye fito, na fito zimefungwa kwa kekele, kamba ya mwituni, bila msumari hata mmoja. Kijana akapiga picha, akapima, akaandika, mwisho akaniuliza nilisomea wapi ufundi huo. Nikacheka mpaka nikatafuta kiti. Nilimwambia kwamba nilifundishwa na mama mkwe wangu, na kwamba wakati wa masomo yeye alikuwa amenipa mgongo.

Kwa watu wa mke wangu, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawaongei ila kwa kupitia mtu mwingine. Na kubwa kuliko yote, mkwe hapandi mahali palipo juu ya kichwa cha mama mkwe wake. Mimi nilizaliwa hapa mjini Kindu, baba yangu alikuwa seremala wa reli na mimi nikawa seremala wa reli. Nilipooa, desturi hiyo haikunisumbua hata kidogo. Wakwe zangu walikaa kijiji cha Kama, mbali kabisa, na kumheshimu mtu usiyemwona ni kazi nyepesi.

Kisha vita vikaja. Treni ikanyamaza, majani yakaota katikati ya reli, na sisi wa karakana tukabaki kunyoosha misumari ya zamani kwa nyundo kwa sababu mipya haikufika tena. Siku moja mama mkwe alitokea uani kwetu baada ya kutembea kwa miguu kutoka Kama, akiwa na panga, mkeka na kuku mmoja mweusi. Mimi nikatoroka kwa mlango wa nyuma, tusionane. Jirani yetu, mama mjane, alimpokea kwake, nyumba ambayo tayari ilikuwa imejaa wakimbizi hata mlangoni walilala watu. Mchana alikuwa anakuja kukaa kwenye kibanda chetu cha jiko, na kati yake na mimi tukasimamisha ua wa matete.

Hazikupita wiki nyingi, asubuhi moja wenye bunduki wakaingia mtaani kuchukua mabati. Ngazi waliyoitumia ilikuwa yangu. Waliikuta imeegemea ukuta wangu, kwa hiyo nyumba yangu ndiyo iliyovuliwa kwanza, na walipomaliza mtaa mzima wakairudisha ngazi mahali pake. Mpaka leo sijui kama hiyo ilikuwa adabu au dharau.

Tukabaki na kuta nne na mbingu. Kwa mwanaume peke yake si neno, ningelala chini ya turubai hadi amani irudi. Lakini mke wangu alikuwa na mimba kubwa. Kabla ya hiyo zilitangulia mbili, na zote mbili tulizipoteza. Hospitali haikuwa na dawa na njia ya kwenda huko iliogopwa. Kwa jirani hapakuwa na nafasi hata ya kugeuka. Angejifungulia nyumbani, kwa mkono wa muuguzi aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mvua kubwa za mwezi wa tisa zilikuwa zinakaribia. Niliogopa sana, nasema wazi. Nilikuwa nikiamka naangalia mawingu kabla ya kumwangalia mke wangu.

Mama mkwe alimtuma binti yake aje kuniambia kwamba kwao nyumba zinaezekwa kwa mangongo, na kwamba yeye yuko tayari kwenda kuchagua majani. Nilikataa. Nilikataa kwa maneno mazuri, lakini nilikataa. Mimi niliyetengeneza madirisha ya mabehewa nishindwe na majani ya kufungia samaki? Nikavuka mto Lualaba kwa mtumbwi na rafiki zangu wawili wa karakana, tukaingia msitu wa ng'ambo huku tukishtuka kila kijiti kikivunjika, tukarudi na mizigo mikubwa ya majani. Halafu nikafanya kile ambacho kila seremala anafanya kwa kitu chochote kinachotoka msituni: nikayakausha. Niliyatandaza juu ya vichanja, nikayageuza asubuhi na jioni ili yakauke sawasawa, nikiwaeleza wapita njia kwamba mali mbichi inapinda.

Nyuma ya ua, mama mkwe akaanza kukohoa. Siku ya kwanza alikohoa kidogo. Siku ya pili alikohoa kila nilipogeuza majani. Siku ya tatu kikohozi kilikuwa kikali mpaka nikamwagiza mke wangu amtafutie mama yake dawa ya kifua. Mke wangu aliniangalia kwa muda mrefu, akaenda.

Siku ya nne nikapanda ngazi, nikachukua jani la kwanza, nikalikunja juu ya ufito. Likapasuka. La pili likapasuka. La kumi likabaki unga mkononi. Nilishuka nimefura kwa hasira, nikayatukana majani, nikaitukana reli, nikamgeukia mke wangu kana kwamba yeye ndiye aliyewasha jua. Alinisubiri nimalize. Kisha akanieleza taratibu kwamba kwao mama hamkosoi mkwe wake, hata kwa kupitia binti yake, kwa maana hiyo ni kumvunjia heshima ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kukohoa tu ndiko kunakoruhusiwa, na mama alikuwa amekohoa siku tatu.

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka. Nikamwomba amfikishie mama neno langu: kuanzia leo aache kukohoa, aseme, mimi mwenyewe nimemruhusu.

Jibu lilikuwa kwamba kesho yake tutaenda msituni. Tulivuka kwa mitumbwi miwili, yeye katika mmoja na mimi katika mwingine, waendesha mitumbwi wakitucheka waziwazi. Kule msituni alitembea mbele, na rafiki yangu mmoja wa karakana alikwenda na kurudi kati yetu kama posta. Nilitaka kufyeka kila kilichokuwa mbele yangu, maana niliyawaza mawingu. Posta ikaja na agizo: nikate majani yaliyokomaa peke yake, yenye kijani kizito, nikiacha mpini mrefu, na katika kila shina nisikate zaidi ya nusu. Kekele changa nisiziguse. Nikamjibu rafiki yangu kwa ukali kwamba nyumba iko wazi, huu si wakati wa kubembeleza majani. Akaenda, akarudi na maneno ya mama mkwe vilevile alivyoyasema.

"Mama anasema, usikate yote. Mwakani tutarudi kukata tena."

Wakati ule hapakuwa na mtu Kindu aliyetamka neno mwakani. Tulihesabu hadi kesho, aliyekuwa na moyo mkubwa alihesabu hadi Jumapili. Nilisimama pale na panga langu, na nikaanza kukata kama alivyotaka.

Tuliezeka siku iliyofuata, majani yakiwa mabichi bado. Kwanza mama mkwe alinifanya niinue kenchi, zile mbao za paa zilizobaki, kwa sababu mteremko wa mabati ni mlalo mno kwa majani, na maji yangekaa juu badala ya kukimbia. Kisha mke wangu akawa anapita polepole na tumbo lake kati ya ua na ngazi, akileta mafundisho. Mpini wa jani unachanwa kidogo, unapigwa ndoana kwenye ufito, jani linalofuata linalibana la kwanza. Mimi nilianzia upande wa barabarani, juu ya sebule, ili watu waone. Chumba cha nyuma, chenye kitanda, nilikiacha kiwe cha mwisho.

Mchana ulikuwa haujasonga sana mke wangu aliposhika ngazi kwa mikono miwili, akabaki ameinama. Muuguzi akaitwa, akamwingiza chumba cha nyuma, akatazama juu, akaniona. Aliniambia kwamba mvua na mtoto vinakuja pamoja, na kwamba yeye hana uwezo wa kuzuia kimojawapo. Upande wa mto kulikuwa kumeshaanza kuwa kweusi.

Sasa sikuwa na wa kuniletea maneno. Niliweka safu ya kwanza juu ya chumba, na kwa haraka nikaianza kutoka juu. Nyuma ya ua nikasikia sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia zaidi ya kikohozi. Mama mkwe alikuwa ametokea katikati ya uani, amenigeuzia mgongo, na anaongea na kuku wake mweusi.

"Weye kuku, ambia ule muntu iko kule juu, aanzie chini. Maji inashukaka, haipandake."

Nikasema, nikimwangalia kuku, kwamba nimeelewa. Nikayang'oa, nikaanzia chini. Kuku akaambiwa kwamba nibane zaidi. Nikamjibu kuku kwamba ndivyo ninavyobana. Kuku akaulizwa kama ule muntu anashona sketi ao anaezeka nyumba. Tuliendelea hivyo, na nilikuwa nikicheka huku nikiogopa, mpaka tone la kwanza likanipiga shingoni. Nusu ya chumba ilikuwa bado wazi. Chini yangu mke wangu alilia kwa uchungu, na kuku, ambaye naye aliogopa mvua, akakimbilia jikoni.

Mama mkwe akabaki peke yake uani. Nilimwona kwa jicho la pembeni akikaza kitenge kiunoni. Kisha ngazi ikatikisika.

"Haifae mukwe akae juu ya kichwa yangu," alisema akipanda. "Basi na miye nitakuwa kule. Sogea."

Nikasogea. Alikaa juu ya mti wa kenchi, upande wa pili wa jani lilelile nililolishika, na mikono yake ikaanza kwenda. Sijaona fundi wa hivyo, na nimefanya kazi na mafundi wengi. Nilipoweka jani moja yeye aliweka manne. Mvua ikashuka yote kwa mara moja. Hatukuonana vizuri kwa maji, tuliiona tu mikono yetu ikipokezana majani mkono kwa mkono, desturi ikiwa imelowa pamoja na sisi. Tulifunga safu ya mwisho juu ya mwamba wa paa, tukalala juu yake kwa matumbo ili upepo usiibebe. Hapo ndipo tulipomsikia mtoto.

Mama mkwe akaweka mdomo wake karibu na majani, akauliza kwa sauti kubwa kama huko ndani kunavuja. Muuguzi akajibu kwamba pakavu, na kwamba ni msichana, na kwamba babu zetu wote wasifiwe kwa sababu ana pumzi. Nililia. Mama mkwe alinitazama usoni, mara ya kwanza, maji yakimtiririka kwenye kope, akacheka meno yote nje. Alikuwa na pengo upande wa kushoto. Nilikuwa sijui.

Kesho yake alikuwa amerudi nyuma ya ua wake. Aliagiza kupitia mke wangu kwamba tupike ndani ya nyumba kwa wiki kadhaa, moshi uyakaushe majani na kufukuza wadudu, na tulipika tukikohoa sisi sote kwa zamu. Paa hilo lilitufikisha mwisho wa vita. Yalipochakaa majani tulivuka tena, na mashina yale tuliyokuwa tumeyaacha yalikuwa yamechipua kila mahali. Mabati yaliporudi sokoni niliyanunua, sikatai, ila sikuwa na moyo wa kuyang'oa majani. Nikayaacha chini yake, na joto likakosa njia ya kuingia.

Mhandisi aliniomba nimpeleke kwa mwalimu wangu. Nikamwambia amechelewa kidogo, ila mimi nitamfundisha kama nilivyofundishwa, na asinikaushie majani.

Mama mkwe alikuwa amerudi kijijini kwao Kama baada ya vita, na huko ndiko alikofariki mwaka jana, akiwa mzee kabisa, usingizini. Kwenye matanga kila mtu ana kazi yake. Watoto wa marehemu wanakaa kwenye mkeka karibu naye. Wakwe wanakaa mbali, wanapasua kuni na kuchota maji, hawakaribii. Nilifika, nikavua koti, nikashika shoka, nikaanza kupasua pamoja na wakwe wengine wanne. Sikuwa nimefikisha hata mzigo mmoja alipokuja shemeji yangu mkubwa, akanishika mkono, akaninyang'anya shoka.

"Weye hapana," alisema. "Mama aliacha neno. Bakwe bapasue kuni, ila ule wa Kindu akae na batoto ya mama."

Wakanisogezea nafasi kwenye mkeka, kati ya mke wangu na mdogo wake. Nilikaa.