Kondoo Asiyeuzwa

Shule niliishia darasa la tatu, lakini mbuzi na kondoo nimewauza tangu sijaota ndevu, Kitanga hadi Kibondo, na nyumba ya bati ninayolala wameijenga wao kwa kwato zao. Kwa hiyo daktari wa Kibondo alipotaja kondoo, nilivuta kiti karibu.

Tulikuwa tumempeleka mjukuu wetu, binti tuliyemlea wenyewe, mwenye selimundu. Ugonjwa ukimshika, mifupa inamuuma mpaka anang'ata kanga. Daktari, kijana wa miwani, akasema Dodoma wanaweza kumtibu: wanaua mbegu mbovu za damu zilizo ndani ya mifupa yake, kisha wanampandia mbegu nzima za kaka yake, ambaye vipimo vilionyesha wanalingana.

Mke wangu akauliza nani alianza kujaribiwa. Daktari, akidhani anatutuliza, akajibu kwamba walianza na panya. Kwa kuwa panya ni mdogo na haishi sana, wakahamia kwa wanyama wakubwa: mbwa, nguruwe, nyani, kondoo. Wapo kondoo waliopandiwa mbegu za damu ya binadamu wakiwa bado tumboni, wakazaliwa na damu kidogo ya mtu.

Hapo aliharibu. Kwenye ukoo wa mke wangu kondoo haliwi. Anachungwa pamoja na ng'ombe ili zizi litulie, na akifa anafukiwa. Hata hivyo mtoto akizubaa anaitwa kondoo, na wala hasifiwi.

"Mjukuu wangu si kondoo," mke wangu akasema, akachukua mkoba wake.

Njia nzima hadi nyumbani Kasulu nilisomewa mashtaka. Wangejaribu kwa ng'ombe angeelewa, ng'ombe ni kitu cha heshima. Mama wa binti alikuwa tayari, lakini kwetu hakuna anayempita bibi aliyelea. Basi nikarudi Kibondo kuulizia ng'ombe. Daktari hakucheka, nilimwangalia vizuri. Akasema ng'ombe ni mzigo kumtunza ndani kwa miaka, na kwamba damu ya kondoo na wale wengine inakua karibu kama yetu, ndiyo maana waliwafuatilia muda mrefu waone kama mbegu zilizopandwa zinashika.

Nikapeleka jibu. Mke wangu alichochea moto mpaka maharage yakaiva, ndipo akauliza:

"Hao kondoo, nani aliwashukuru?"

Nikasema wako nchi za mbali, sijui.

"Mtu akikupa ng'ombe unampelekea pombe. Hawa wametoa mifupa yao, na wewe mzee mzima umekaa tu."

Akatoa sharti. Aletwe kondoo jike, aishi kwetu hadi kufa, asiuzwe, asichinjwe, na tumnywee pombe ya ndizi. Hapo ndipo binti atakwenda. Mimi mfanyabiashara kufuga kondoo asiyeuzwa ni kufungua duka na kuupigilia mlango misumari. Nikamletea mmoja aliyenidodea sokoni. Akamtazama miguu.

"Shukrani haichechemei, baba."

Nikaleta aliye bora, moyo unaniuma. Pombe ikamwagwa mbele ya kwato zake. Muuza duka mmoja wa Kasulu, Mwislamu mtani wangu, akauliza mahari yake nitapokea mimi au baba yake.

Binti akaenda na kaka yake na mama yao. Walikaa miezi. Kila asubuhi nilimsikia mke wangu zizini akimpa kondoo habari za Dodoma, nami nikimcheka. Halafu siku moja simu ikalia yeye akiwa sokoni: mbegu za kaka zimeshika. Nilitazama huku na huku, hapakuwa na mtu. Nikaenda zizini nikamwambia yule mnyama. Aliendelea kutafuna.

Binti alirudi nywele fupi, mashavu yamejaa. Kondoo naye alikuwa amenenepa kwa heshima, na hiyo wiki akaingia kwenye shamba la maharage. Binti akashika fimbo akamkimbiza, akapita mgombani, akashuka hadi kwenye matete, akapanda tena. Mtoto ambaye zamani kutoka jikoni hadi mlangoni alikuwa akipumzika.

Mke wangu akatoka, akafungua mdomo kumkemea kwamba yule si wa kupigwa.

"Nyamaza," nikamwambia. "Mwache akimbie."