Uzi wa Shaba kwenye Kadi ya Mwaka Mpya

Harufu ya nta ya mshumaa ikinifikia puani, sifikirii kanisa wala matanga. Naona katoni nyeupe. Ni zile katoni ngumu zinazokaa ndani ya mashati mapya. Mama alikuwa akiziomba kwa muuza mashati, anazikunja katikati, anazifanya kadi. Tulikaa kampi ya wafanyakazi wa shaba, hapa hapa Lubumbashi, watu wanane katika vyumba viwili. Kila Desemba, mvua ikipiga mabati tangu mchana, mama alikunja blanketi juu ya meza, akaweka kadi juu yake na kuitoboa kwa sindano, tundu baada ya tundu, kabla ya kupitisha uzi. Nyuzi zilitoka kwenye masweta makuukuu tuliyoyafumua. Tulizivuta kwanza juu ya kipande cha mshumaa ili zisichambuke. Matundu yakikaribiana mno, katoni inakatika. Yakiachana mno, ua linakuwa kama buibui. Nikiwa na miaka kumi niliijua kazi hiyo kuliko kusoma, na sisemi hivyo kwa aibu.

Kadi nyingine tuliwapa jirani na ndugu, lakini ile nzuri kupita zote ilikuwa ya kapita, yaani msimamizi wa kundi la baba kazini. Desturi ilikuwa hivyo. Siku ya mwaka mpya kila mfanyakazi alivaa koti lake la Jumapili, akampelekea kapita kadi iliyotoka mikononi mwa watu wa nyumbani kwake, na kapita alizipanga zote juu ya kabati la sahani pale sebuleni, wageni wazione. Mwaka ule tulikuwa na shida moja: nyumba. Kulikuwa na nyumba za vyumba vinne zinazokaribia kuwa tupu, na kapita ndiye aliyeandika orodha ya watakaohamia. Mama alitoboa nyota kubwa, akaishona kwa uzi mwekundu na wa kijani, kisha akaniachia katikati. "Pale weka kitu kyako," akaniambia, akaenda kusonga bukari, ugali wetu.

Nilitazama zile nyuzi za sweta, nikaona hazifai. Chini ya kitanda cha baba kulikuwa na mkebe wa maziwa, na ndani yake nyuzi za shaba, nyembamba kama unywele, zilizotolewa kwenye mota zilizoungua. Baba alizileta nyumbani kidogo kidogo ndani ya bakuli lake la chakula cha mchana. Alitusukia bangili, alifungia mifagio. Kila nyumba ya kampi ilikuwa na mkebe kama huo. Kila mtu alijua pia kwamba kutoka getini na shaba, hata ya urefu wa kidole, kulikatazwa. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja vichwani mwetu bila kugombana. Basi nikachukua nyuzi, nikashona msalaba wa shaba, ule wa mikono minne ambao wazee wa zamani waliuunda kwa shaba iliyoyeyushwa na kuutumia kama fedha. Mama aliporudi aliinua kadi mlangoni kwenye mwanga. "Eeh, weye mutoto! Mikono yako inashinda yangu." Hakuona kosa. Na mimi sikuona. Tuliona uzi unaong'aa.

Baba, Donati, alinichukua twende pamoja, kwa kuwa mshonaji alikuwa mimi. Sebule ya kapita ilijaa watu. Kapita aliinua kadi yetu juu ya vichwa vyao, akacheka: "Angalieni! Bibi ya Donati iko na akili kushinda bibi yangu!" Mke wake akajibu kutoka jikoni: "Basi enda umuoe!" Watu wakacheka sana, hata baba. Kadi ikapita mkono kwa mkono hadi kwa mkuu wa walinzi wa geti, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha. Yeye hakucheka. Aliukwaruza ule msalaba kwa ukucha. Akaniita kwa upole kabisa, kama mtoto wa kike anavyoitwa kwetu: "Mama, hii nyuzi mulitoa wapi?"

Nilisimama wima. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali mbele ya watu wengi namna ile. "Ni ya papa," nikasema. "Iko ingine mingi mu mukebe, chini ya kitanda."

Baba alikuwa anaangalia kofia yake. Kapita akasema, "Kunywa limonadi yako, mutoto," nami nikainywa yote.

Wiki iliyofuata walinzi wawili walikuja, wakaukuta mkebe pale pale nilipopataja. Baba alifukuzwa kazi. Nyumba ilikuwa ya kampuni, tukaiacha. Shule ilikuwa ya watoto wa wafanyakazi, nikaiacha. Tulihamia mtaa wa Katuba, chumba kimoja kwa kaka ya mama. Mimi nilibeba meza kichwani. Sikulia siku ile wala baadaye, na sijui kwa nini. Nilihesabu hatua tu. Mama hakutengeneza kadi tena. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo ambalo sikulizoea kamwe. Miaka mingi baadaye, baba akiwa kitandani siku zake za mwisho, alifungua macho akasema: "Ule musalaba, mikono yake yote ine ilikuwa sawasawa." Nilimpa maji.

Sitafuti huruma ya mtu. Niliuza nyuzi sokoni nikiwa nimekaa chini kwenye vumbi, nikanunua cherehani moja, leo ninazo nane. Wanawake wa Golf, mtaa wa matajiri, wanakuja na magari yao kutariziwa vitambaa vya harusi, na wanangoja zamu kwenye benchi langu kama watu wengine. Nyumba hii ni yangu, hakuna orodha ya kuning'oa. Mbele yake malori yanayokwenda mpakani Kasumbalesa yanapita mchana kutwa, yamebeba shaba iliyopangwa kama mikate, na hakuna anayeuliza inatoka wapi. Nayatazama. Wala hasira sisikii.

Watu siku hizi wanatumiana salamu za mwaka mpya kwa simu. Mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu, Kasapa, aliona kwenye simu hiyo hiyo kadi zilizoshonwa kwa uzi, akataka nimtengenezee moja ya mwalimu wake. Nikakunja blanketi. Nikatoboa nyota, nikaishona kwa nyekundu na kijani, nikampa.

"Nkambo, na hapa katikati?" akauliza. "Mbona umepaacha bure?"

"Weka kitu kyako," nikamwambia.

Akafungua pochi yake, akatoa kibunda kidogo cha nyuzi za shaba alichonunua mjini, dukani, mchana kweupe. Lori lilikuwa linapita, madirisha yanatikisika. Nikangoja lipite, kisha nikamshikia mshumaa, ingawa nyuzi za shaba hazihitaji nta.