Mdomo wa Kuazima na Ziwa la Mlimani

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa pili, ngazi za jengo letu la Rinkeby, pembeni mwa Stockholm, zikinuka makoti mabichi, nilipomkuta mzee mmoja akipanda kuelekea ghorofa ya sita na mfuko wa viazi mgongoni. Alikuwa akihema kama jiko la mafuta. Nilimpokea mzigo kwa adabu niliyolelewa nayo Morogoro, naye akaunyakua tena, karibu tugombane. Mzee huyo hakuwa akiishi ghorofa ya sita. Alikuwa akiishi ya tatu. Akaniambia nimwache, yuko mazoezini.

Ndiye Mzee Vithal, Mhindi wa Jinja, fundi cherehani, mmoja wa wale waliofukuzwa Uganda mwanzoni mwa miaka ya sabini. Yeye na mkewe, Mama Kamla, waliangukia Stockholm kwa sababu ndege iliyokuwa na nafasi siku ile ilikuwa inakuja huku. Watoto wao watatu walitawanyika, wawili Uingereza na mmoja Kanada. Kiswidi hawakukijua, na Kiingereza cha mzee kilikuwa cha kupimia watu viuno na mabega. Kiswahili ndicho kilichobaki cha kuongea na mtu mwingine katika jengo zima, na mtu huyo nilikuwa mimi: kijana wa miaka ishirini na sita, mwanafunzi wa chuo kikuu, niliyetumwa na taifa kusomea jamii na matatizo yake. Nilikuwa na ndevu chache na majibu mengi.

Mwanangu, usicheke ndevu zangu. Cheka majibu.

Nikawa mkalimani wao. Kila barua ya ofisi, kila fomu, kila safari ya kwa daktari, Mama Kamla alinigongea mlango akiwa na bakuli la dengu lililofunikwa kwa sahani, nami nikavaa koti. Dengu zile zilinisomesha kuliko chuo.

Mazoezi ya mzee yalikuwa na sababu. Siku walipokuwa wakienda kupanda ndege Entebbe, njiani kulikuwa na vizuizi vya askari, na kwenye kizuizi kimoja mtoto wao wa kwanza alishushwa garini akapelekwa nyuma ya banda. Mzee alibaki ameshika usukani, akamwekea mungu wake Shiva nadhiri: kijana akirudi mzima, yeye atakwenda kwa miguu mpaka ziwa takatifu, akaoge. Kijana alirudi, bila saa na bila viatu, lakini mzima.

Ziwa alilolikusudia ni Mansarovar, huko Tibet, chini ya mlima Kailash, ambako Wahindu husema ndiko makao ya Shiva. Baba yake alifika huko ujanani, na nyumbani kwao walitunza chupa ya maji yake mpaka ikakauka. Lakini miaka ile njia ya Tibet ilikuwa imefungwa kwa mahujaji. Shemeji yake akamwandikia kutoka Gujarat kwamba liko ziwa jingine la Shiva, Gosainkunda, juu katika milima ya Nepal, nalo liko wazi, na watu humiminika kuoga siku ya mwezi mpevu wa Agosti. Mzee alinisimulia asili yake huku akishona kifungo cha koti langu bila kuombwa. Zamani sumu ilitoka baharini, ikataka kuua ulimwengu. Shiva akainywa. Hakuimeza, hakuitema, aliizuia kooni mpaka koo likageuka buluu. Moto ulipomzidi akakimbilia mlimani, akachoma jabali kwa mkuki wake, maji yakatoka, akajitumbukiza kupoza koo. Hayo maji ndiyo ziwa.

Basi mzee alijiandaa. Alipanda ngazi asubuhi na jioni. Alijaza beseni maji ya baridi bafuni akaingia, Mama Kamla akimwambia nje ya mlango kwamba akifa humo atamwacha humohumo. Alisimama pekupeku kwenye theluji ya roshani, mpaka jirani wa ng'ambo, bibi mmoja wa Kiswidi mwenye mbwa, akaja kuniuliza kama yule bwana amefungiwa nje.

Mwezi wa tatu akaniuliza kama nitamsindikiza. Watoto wake walikuwa na kazi zao mpya, hawakuweza kuziacha. "Wewe unapumua vizuri," alisema. Nikasema ndiyo. Mwanangu, ujihadhari na ndiyo ya mwezi wa tatu kwa jambo la mwezi wa nane. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na usipojua usufi ukilowa unakuwaje, utaubeba kwa tabasamu.

Majuma machache baadaye nikapata barua. Nimechaguliwa kusoma makala yangu mbele ya wasomi huko Uppsala, mwezi uleule wa Agosti. Makala yenyewe ilieleza jinsi dini inavyomfunga mnyonge. Kurasa arobaini, na ndani yake hakuna mnyonge hata mmoja niliyemuuliza. Sikumwambia mzee. Nilijiambia nitapata njia.

Njia ikajileta yenyewe. Mwezi wa nne tulikwenda kwa daktari, maana mzee alitaka kujua kama moyo wake utahimili mlima. Daktari alikuwa mama mtu mzima, mpole, asiye na haraka. Alimpima, akasoma karatasi ya mashine, akavua miwani, akaongea naye moja kwa moja kana kwamba anamwelewa. Alisema moyo umechoka, na yeye kama daktari asingemshauri kwenda. Lakini mwenye moyo ndiye mwenye kuamua. Kama atakwenda, aende mwaka huu, kwa sababu mwaka ujao hadhani. Apande polepole, kila akipanda sana apumzike siku mbili, asiwe peke yake, na kichwa kikianza kumuuma ashuke siku hiyohiyo. Akasema pia, na hili alilisema akitabasamu, kwamba baba yake mwenyewe alikwenda kuvua samaki kaskazini kabisa akiwa na moyo mbaya kuliko huu, na hakuwahi kumwona na furaha kama ile.

Kisha akanigeukia mimi. Wote wawili wakanigeukia.

"Daktari amekataza," nikasema.

Mzee alinitazama kidogo. "Amesema hivyo tu? Ameongea sana."

"Madaktari wa huku wana maneno mengi."

Akaitikia kwa kichwa. Akamshukuru daktari kwa viganja vilivyokutana kifuani, na daktari, akidhani anashukuriwa kwa yale aliyoyasema, akamshika bega.

Ungeniuliza siku ile ningekwambia nimeokoa maisha ya mtu. Niliamini hivyo kwa nusu ya moyo, na ile nusu ilikuwa na sauti kubwa. Nusu nyingine ilikuwa imeshafungasha kwenda Uppsala. Ulimi hauna mfupa, wahenga walisema. Wangu siku ile hata nyama sidhani kama ulikuwa nayo.

Mzee aliacha kupanda ngazi. Viazi vikapikwa. Buti kubwa za theluji alizopewa na watu wa manispaa, alizokuwa akizipaka mafuta kila Jumapili kwa ajili ya mlima, zikarudi kabatini. Hakulalamika, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alikaa dirishani na kuangalia mashine zikichimba njia ya treni ya chini ya ardhi, ile ya bluu unayopanda leo bila kufikiri. Mama Kamla aliniuliza mara mbili kama daktari hakusema lolote zaidi. Mara ya kwanza nilisema hapana. Mara ya pili nilisema hapana haraka zaidi. Dengu ziliendelea kuja. Nilizila.

Agosti nilisoma makala yangu Uppsala. Watu kumi na wanane, wawili wamesinzia, makofi ya adabu. Nilirudi siku ya mwezi mpevu, nikamkuta mzee amevaa shati jeupe ananisubiri. Alitaka nimpeleke kwenye maji yoyote. Tulikwenda ufukweni mwa Ziwa Mälaren, mahali watoto wanapoogelea. Akakunja suruali, akaingia mpaka magotini, akachota kwa kiganja, akasema maneno yake kwa sauti ya chini. Bata wakamsogelea wakidhani ana mkate. Alipotoka hakujifuta.

"Maji haya ni mazuri," alisema. "Lakini hayana mlima."

Mwezi wa kumi na moja moyo ulimzidi, akalazwa. Mimi nilikuwa na mtihani, kwa hiyo hospitali ikatafuta mkalimani mwingine, mwanamke aliyekijua Kigujarati. Yule daktari wetu alipita wodini kumwona. Swali lake la kwanza lilikuwa kama alifika mlimani.

Nilipokwenda kesho yake na machungwa, Mama Kamla alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda na hakuninyanyulia uso. Mzee akaniashiria nikae. Hakupandisha sauti, hata angetaka, pumzi ya kupandishia hakuwa nayo.

"Uliogopa nitakufa mlimani," alisema.

Nikasema ndiyo. Kisha, kwa kuwa alizidi kunitazama, nikamwambia na habari ya Uppsala. Ndiyo kweli ya kwanza niliyomwambia tangu mwezi wa nne.

Alifikiri. Nilingoja anitukane, ningelipokea tusi kama zawadi. Badala yake akanena kwa kile Kiswahili chake cha dukani kisicho na mapambo, nami sijakisahau mpaka leo. "Mimi niliazima mdomo wako tu. Wewe ukanipa na kichwa chako. Kichwa sikuomba. Kichwa nilikuwa nacho."

Mama Kamla akayamenya yale machungwa, akampa mumewe, akala na yeye. Mimi hakunipa.

Alifariki kabla mwaka haujaisha, saa mbili asubuhi, kukiwa bado nusu giza kama ilivyo huku. Tulimchoma katika jengo la matofali lenye msonobari mlangoni. Nilimwendea Mama Kamla nikamwomba, nikilia, aniruhusu nipeleke majivu Gosainkunda kwa niaba ya mzee. Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

"Utayafikisha?" aliuliza. "Au utaamua njiani?"



Majivu aliyapeleka mwenyewe, Agosti iliyofuata, pamoja na yule mwanawe aliyewahi kushushwa garini. Alivaa zile buti za mzee na soksi tatu tatu. Aliporudi, wanawake wa jengo walijaa sebuleni kwake kusikiliza, mwanawe akifasiri kwa Kiingereza, na mimi nikasikia nikiwa jikoni, nikiosha vikombe ambavyo hakuna aliyeniomba nivioshe. Alisema ilikuwa siku saba kwa miguu, kwanza mashamba, kisha msitu, kisha mawe matupu na ukungu. Kule juu alihesabu hatua kumi, akasimama, akahesabu tena kumi. Maji yalikuwa ya baridi kiasi cha kuuma meno ya mtu aliyetia vidole tu. Katikati ya ziwa kuna jabali chini ya maji, na wanasema ni Shiva amelala. Wapiga ngoma walikuwa na manyoya ya tausi kichwani. Na wazee, alisema, wazee walikuwa wengi mno, wakubwa kuliko mume wake, wenye migongo iliyopinda, wanapanda kwa fimbo, polepole kama kinyonga, jina la mungu kila hatua. Mwenda pole hajikwai. Hapo methali ile niliielewa kwa mara ya kwanza, nikiwa na sifongo mkononi. Mmoja wao alifia njiani, wakamchoma hukohuko. Watu wake walilia, Mama Kamla alisema, lakini hawakulia kama watu walioibiwa.

Nadhani alijua niko jikoni.

Hakunisamehe kwa maneno. Ila baada ya mwezi mlango uligongwa. Hakuwa na dengu, alikuwa na barua ya ofisi ya pensheni. Tukaenda. Kabla hatujaingia alinishika mkono wa koti na kusema, "Yote." Nikafasiri yote, siku hiyo na miaka mingine kumi na moja mpaka alipohamia kwa mwanawe. Afisa akipiga miayo, nilimwambia amepiga miayo. Daktari akisema jambo la kuvunja moyo, nililisema, kisha nikakaa naye. Nimegundua kwamba hiyo sehemu ya pili, ya kukaa, ndiyo niliyokuwa naikimbia.

Nimekwambia haya kwa sababu juma lililopita, ndani ya treni ya bluu ya kwenda Hjulsta, nilimsikia mama mmoja, kwa lafudhi nadhani Mrundi, akimuuliza binti yake kwa Kiswahili daktari alisema nini. Binti, macho dirishani, akajibu kwa Kiswidi kwamba si kitu. Mama akasema, "Ameongea robo saa nzima, si kitu?" Nilitaka kusimama. Sikusimama. Nimezeeka na bado mwoga. Nikaja nyumbani nikaandika.

Basi sikiliza. Huku ugenini wewe ni mdomo wa mama yako na masikio ya babu yako. Unawafasiria kwa daktari, shuleni, ofisini, na unajua kuliko wao mambo mengi, hilo sikatai. Lakini wakikutuma neno, lifikishe lilivyo; likirudi chungu, lirudishe na uchungu wake. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema mjumbe ndiye hakimu. Ukiwa na maoni, ngoja umalize kufasiri, kisha useme, "Hili sasa ni langu." Na usiite woga wako huruma, wala shughuli zako usiziite hekima. Neno la mtu ulilolificha halifi. Linakaa kooni, na mimi si mungu. Ziwa la kupozea sina.

Mungu akukuzie ulimi mwaminifu na moyo wa kukaa na wanaolia. Wazee wako waipande milima yao kwa mwendo wao, nawe uwe nyuma yao umebeba maji. Na siku itakapofika zamu yako ya kuazima mdomo, upate wa mtoto aliye bora kuliko mimi nilivyokuwa.